Moyo Uliodhikika na Wajibu wa Walio Karibu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba moyo na akayajua yaliyomo ndani yake kabla ulimi haujayatamka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika darsa yetu ya hapa Njiru limeulizwa suali ambalo twaona halifai kujibiwa kwa maneno mawili kisha likapitwa. Suali lenyewe ni hili: Muislamu aliyeshikwa na huzuni isiyomtoka, asiyepata usingizi, aliyekinai chakula, asiyeona tena ladha ya jambo lolote, je, hiyo ni dalili kwamba imani yake ni dhaifu? Na watu wake yawapasa wamfanyie nini?

Jawabu la sehemu ya kwanza ni hapana, na dalili zake zimo ndani ya Qur'ani. Jawabu la sehemu ya pili limo katika mwendo wa Bibi Khadija (R.A.) siku ile Mtume wetu (S.A.W.) aliporudi kwake akitetemeka. Haya mawili ndiyo tutakayoyaeleza, Inshallah, kisha tutazame sisi wenyewe twafanya nini katika nyumba zetu na misikiti yetu.

Hali yetu wakazi wa Njiru

Si zamani sana upande huu wa Kangundo Road ulijulikana kwa machimbo ya mawe na malisho kuliko kwa majumba. Leo umejaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru. Miongoni mwa Waislamu waliohamia huku wako waliotoka Majengo ya Pumwani, wako waliotoka Mumias, wako waliotoka Mombasa, Garissa na Isiolo. Kila mmoja amekuja na mkewe na watoto wake, au peke yake, akawaacha nyuma wajomba, mashangazi na mabibi.

Katika nyumba za Majengo, vyumba vilitazamana ukumbini na mbele ya nyumba palikuwa na baraza. Aliyelia usiku alisikiwa, na asubuhi aliulizwa. Leo twaishi katika maploti ya ghorofa nne na tano. Mlango ni wa chuma na hufungwa tangu magharibi. Jirani ajulikana kwa nambari ya mlango wake. Mume hutoka alfajiri kutafuta matatu na hurudi usiku. Mke hushinda na watoto katika chumba kimoja akihesabu deni la duka, kodi ya tarehe tano, na mkopo wa simu ambao kila siku waongezeka. Mtu aweza kudhikika humo miezi mitatu, na aliye ukuta wa pili asijue.

Jingine tulilolipoteza ni ule uulizanaji wa hali. Mswahili akiulizwa habari hujibu "njema" kwanza, hata kama amefiwa jana. Wazee wetu waliyajua hayo, na kwa hivyo hawakukomea hapo. Waliuliza habari za nyumbani, kisha habari za watoto, kisha habari za siku nyingi, na katika ulizo la tatu au la nne ndipo mtu aliposema, "Njema, lakini..." Habari yenyewe ilikuwa baada ya hilo neno "lakini." Sisi leo twauliza mara moja tukiwa tumekwisha kupitana, twasikia "njema," na twadhani tumetimiza haki ya Muislamu mwenzetu.

Dalili za Qur'ani

Ama wale wasemao kuwa muumini wa kweli hahuzuniki, hao na waisome Suratu Yusuf. Nabii Yaaqub (A.S.) alimpoteza mwanawe, akalia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Watoto wake walimlaumu, wakamwambia kwamba ataendelea kumtaja Yusuf mpaka aangamie. Aliwajibu kuwa yeye amshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Na huyu ndiye yule yule aliyetaja subira njema mwanzo wa kisa hicho. Basi subira na machozi vilikaa pamoja katika kifua cha Nabii mmoja, wala kimoja hakikukifukuza chenzake.

Na waisome Suratu Maryam. Bibi Maryam alipofikiwa na uchungu wa kuzaa, peke yake, mbali na watu wake, alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile na akasahauliwa kabisa. Hilo ni neno zito. Je, alijibiwa kwa kukemewa? Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake na tende mbivu juu yake, akaambiwa ale, anywe, na aburudike. Alipewa kwanza chakula, maji na liwazo. Na ule mzigo wa kukabiliana na watu na maneno yao akapunguziwa kwa kuamrishwa anyamaze siku ile.

Na Nabii Musa (A.S.) alipoamrishwa kwenda kwa Firauni alieleza kwamba kifua chake hudhikika na ulimi wake haukunjuki, akaomba apewe ndugu yake Harun awe pamoja naye. Mwenyezi Mungu alimkubalia. Mtume mwenye kuzungumza na Mola wake aliomba mtu wa kumsaidia. Itakuwaje sisi tumwone mwenye kuomba msaada kuwa ni mnyonge?

Wale wenye kuikanusha dhiki

Pamoja na dalili hizi zote, wako watu wa namna tatu ambao kila mmoja kwa njia yake huikanusha dhiki ya moyo.

Wa kwanza ni mhubiri wa papara. Huyu aletewapo mtu aliyedhikika humwambia, "Ongeza sala, punguza dhambi," kisha humwacha. Neno lake ni jema likiwa mahali pake. Lakini aliyedhikika huwa tayari amekwisha kujihukumu. Usiku kucha hujihesabia makosa, hata yale asiyoyafanya. Ukimwongezea hukumu juu ya hukumu umemtia mzigo mwingine, na mara nyingi hutamwona tena msikitini.

Wa pili ni mganga mwenye kuvaa kanzu. Kwake kila mwenye huzuni ana jini, na kila jini ana bei yake. Hirizi ni bei hii, kombe ni bei hii, kuku mweusi ni bei hii. Mwanamke aliyezaa majuzi, ambaye halali, alia na hamtaki hata mtoto wake, hupigwa kwa fimbo ili jini litoke, na mumewe hukopa kwa simu ili amlipe mpigaji. Haya yatendeka katika mitaa yetu, na wenye kuyatenda hutaja jina la Mwenyezi Mungu. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, maana Qur'ani imewataja, wala hatukatai kumsomea mgonjwa Qur'ani na dua zilizothubutu, maana hiyo ni Sunna. Tunachokikataa ni kuifanya dhiki ya watu kuwa biashara, na kumzuilia mgonjwa dawa kwa madai ya mambo ya ghaibu ambayo hapana ayajuaye ila Mwenyezi Mungu.

Wa tatu ametoka mbali, na habari yake yafaa kujulikana. Hospitali ya Mathari hapa Nairobi ilianza mwaka 1910, na tangu mwaka 1938 mpaka 1950 msimamizi wake alikuwa daktari wa kikoloni aitwaye J. C. Carothers. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilitolewa na Shirika la Afya la Dunia. Alidai humo kuwa maradhi ya huzuni ni nadra sana kwa Waafrika, kana kwamba nyoyo zetu hazina kina cha kutosha kubeba majonzi. Alihukumu kwa wachache waliofikishwa kwake, na waliofikishwa hospitali zama hizo walikuwa khasa wale wenye kuleta fujo. Aliyelia kimya nyumbani kwake hakuhesabiwa. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda, wakaonyesha kuwa maradhi ya huzuni kwa wanawake wa vijiji vile yalikuwa mengi kuliko kwa wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Ikabatilika ile dhana.

Lakini tujiulize kwa insafu: sisi tumwambiapo mtu wetu kwamba huzuni si ugonjwa, ni uvivu tu au ni upungufu wa imani, tofauti yetu na Carothers ni ipi? Yeye alisema hamna maumivu ndani yetu. Nasi twamwambia ndugu yetu vivyo hivyo.

Mwendo wa Bibi Khadija

Sasa tuje kwenye kiigizo. Mtume wetu (S.A.W.) alipokuwa na umri wa miaka 40 alijiwa na Jibrili katika pango la Hira. Alirudi nyumbani moyo wake ukitetemeka, akataka afunikwe. Bibi Khadija hakumwuliza kwa ukali alikuwa wapi, wala hakumwambia kuwa mwanamume hatetemeki. Alifanya mambo matatu, na utaratibu wake ni wa kuzingatiwa.

La kwanza, alimfunika mpaka khofu ikamtoka. Alianza na mwili. Mtu aliyejaa khofu au huzuni hasikii hoja wakati huo. Yataka kwanza apate utulivu, pumzi yake itulie, ale kitu, alale. Wengi wetu twaanza kwa mawaidha na ilhali mwenzetu hajala tangu jana.

La pili, alimsikiliza mpaka akamaliza, hata alipoeleza kuwa anaikhofia nafsi yake. Kisha akamjibu, na jawabu lake halikuwa neno tupu la "usijali." Alimhesabia mambo aliyoyajua kwa hakika: kwamba yeye huunga udugu, hubeba mizigo ya wanyonge, huwapa wasio na kitu, hukirimu wageni, na husaidia katika misiba; na mtu wa namna hiyo Mwenyezi Mungu hatamhizi. Mwenye moyo uliodhikika husahau mema yake yote. Kazi ya aliye karibu naye ni kumkumbusha kwa ushahidi, awe kama shahidi mbele ya kadhi.

La tatu, alimchukua mwenyewe mpaka kwa Waraqa bin Nawfal, binamu yake, mzee aliyekuwa na elimu ya vitabu vya kale. Khadija alikuwa mwenye akili na mwenye mapenzi, lakini alijua kuwa jambo lile lataka mjuzi. Hakumwambia, "Nenda." Walikwenda pamoja.

Kutuliza, kusikiliza, na kumpeleka kwa mjuzi. Haya ndiyo mafunzo yetu yote katika makala hii, na yaliyobaki ni ufafanuzi wake.

Wanazuoni wetu walilijua hili

Asidhani mtu kuwa elimu ya maradhi ya nafsi imeanzia Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi. Alieleza kuwa huzuni ni namna mbili. Iko yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali. Na iko isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake imo mwilini na hutaka dawa ya mwili. Pia alifundisha kuwa mtu ajiwekee akiba ya fikira njema wakati yu katika raha, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya ugonjwa. Kitabu hiki kilifasiriwa kwa Kiingereza na Malik Badri, mwanachuoni wa Sudan wa elimu ya nafsi, aliyefariki mwaka 2021.

Na Imamu Ghazali, ambaye hapana atakayemshitaki kwa upungufu wa elimu wala wa ibada, ameeleza mwenyewe yaliyompata Baghdad mwaka 488 wa Hijra, yaani 1095. Alikuwa katika kilele cha heshima yake, ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha. Huzuni ikamwingia moyoni hata chakula hakikumpita. Matabibu wakasema kuwa jambo hilo limeteremkia moyoni, ndipo likaenea mwilini, na kwamba hapana dawa ila moyo upumzike na linaousumbua. Wala Waislamu hawakuwaacha wagonjwa hawa majiani. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wenye maradhi ya akili, ndani ya jengo moja na wagonjwa wengine. Leo mtu wetu huona haya kutaja jina la Mathari, na watoto hulifanya tusi.

Yanayohusu nyumba zetu

Dhiki nyingi huanzia nyumbani, na dawa yake pia huanzia hapo. Wako waume wa Njiru ambao wamefunzwa kuwa mwanamume hamwambii mkewe shida yake. Kazi ya mjengo imesimama wiki tatu, naye kila asubuhi huvaa na kutoka ili mke asijue, akashinda kwenye kivuli cha duka, kisha akaingia kwenye kamari ya simu akitaraji kulipa deni kwa haramu. Jioni hurudi mkali. Mke hudhani amechukiwa. Watoto hudhani wamekosa. Na asili ya ukali wote ule ni khofu moja ambayo haikusemwa.

Mtume (S.A.W.) siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, aliwaamrisha watu wachinje na wanyoe, wasiinuke kwa uzito wa majonzi yao. Aliingia kwa Bibi Umm Salama akamweleza yaliyompata. Bibi huyo akatoa rai kwamba atoke, asimsemeze mtu, achinje na anyoe yeye kwanza. Alifanya hivyo, nao wakamfuata. Basi ikiwa Mtume alimweleza mkewe dhiki yake na akaifuata rai yake, sisi twajifanya wakubwa kuliko nani?

Na Salman al-Farisi alipomzuru Abu Dardaa alimwona mkewe hali yake imechakaa, akauliza sababu. Akafahamu kuwa Abu Dardaa amezama katika kufunga na kusali hata ameisahau nyumba yake. Akamlisha, akamlaza, akamwamsha usiku wa mwisho wakasali pamoja, kisha akamfundisha kuwa Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na jamaa wana haki yao. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alisema kuwa Salman amesema kweli. Angalieni kuwa Salman alitambua kwa kutazama na kuuliza.

Wala watoto wasisahauliwe. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alifiwa na kidege chake. Mtume (S.A.W.) alimwona amenyongeka, akamwuliza habari za kidege kile kwa maneno ya upole. Kiongozi wa umma alisimama kwa ajili ya huzuni ya mtoto. Nasi mtoto akilia twamwambia, "Nyamaza, wanaume hawalii," na huyo ndiye atakayekuwa yule mume wa kivulini tuliyemtaja.

Ama mwanamke aliyezaa, desturi ya arubaini waliyoishika wazee wetu ilikuwa na hekima kubwa: mzazi hakuachwa peke yake, alipikiwa, alikandwa, na mtoto alibebwa na wengine. Hapa kwetu mzazi siku ya tatu afua nguo peke yake, na ngazi za ghorofa ya nne amezipanda na ndoo ya maji. Kisha akilia twasema ana jini.

Ushahidi wa zama zetu

Huenda mtu akasema, "Sisi si matabibu, tutaweza nini?" Jawabu lake ni hili. Hapa hapa Nairobi, katika mitaa ya upande wa Dagoretti, ulifanywa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017. Wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo na waliopata kudhulumiwa waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata huduma ya kawaida ya zahanati; fungu la pili lilipata mikutano mitano na wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mitaa ile ile, waliofunzwa kwa muda mfupi. Walifundishwa kutuliza pumzi, kuligawa tatizo kubwa liwe vipande vidogo, kurudia kazi ndogondogo walizoziacha, na kuwatafuta watu wa kuwategemea. Fungu hilo la pili dhiki yake ilipungua zaidi. Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare mjini Harare, wakikaa na mwenye dhiki juu ya benchi karibu na zahanati na kumsikiliza. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha nafuu yao.

Benchi la mabibi wale ni nini kama si baraza yetu tuliyoiacha?

Lakini pia ujulikane mpaka wake. Ikiwa huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, imedumu wiki mbili au zaidi, takriban kila siku na muda mwingi wa siku, pamoja na kukosa usingizi, kukinai chakula, kuchoka bila kazi na kujiona hana thamani, basi hiyo si huzuni ya kupita. Ni ugonjwa ambao leo huitwa sonona, na wataka tabibu. Kwenda hospitali hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu, maana Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, akafundisha kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa dawa.

Jambo zito kuliko yote

Iko khofu ambayo watu hawapendi kuitaja msikitini, nayo ni ya mtu kutaka kujiua. Sheria ya dini haikubadilika: nafsi ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kuiua ni haramu. Lakini uharamu wa tendo haukutupa ruhusa ya kumtupa mtu. Katika Sahih Muslim imo habari ya mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr kwenda Madina. Akaugua, akashindwa kustahamili, akajidhuru hata akafa. Tufayl alimwona ndotoni katika hali njema, ila mikono yake imefunikwa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliomba msamaha kwa ajili ya mikono ile pia. Zingatia rehema hii, kisha uwasikilize watu wetu wanavyosema kwenye matanga ya aliyekufa hivyo, mbele ya mama yake.

Sheria ya Kenya tangu zama za ukoloni ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho chapingana na Katiba. Khofu ya kushikwa ilikuwa ikiwafanya jamaa wamfiche mgonjwa badala ya kumpeleka hospitali. Basi usikiapo mtu asema kuwa afadhali asingekuwapo, au kwamba watu wake watapumzika akiondoka, usimcheke wala usimkemee. Mwulize waziwazi kama afikiri kujiua; kumwuliza hakumtii fikira asiyokuwa nayo. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya hatari, na umfikishe hospitali siku ile ile, si baada ya Ijumaa.

Tunayoyaomba kwa jamaa zetu

Mtume (S.A.W.) alikuwa akimkosa hata yule aliyekuwa akifagia msikiti. Alipoambiwa kuwa amekufa na amekwisha zikwa, aliwalaumu sahaba kwa kutomjulisha, akaenda akamsalia kaburini. Kwa kufuata mwendo huo twaomba mambo manne yaanzwe mtaani kwetu.

Kwanza, katika kila kundi la maploti wachaguliwe wanaume wawili na wanawake wawili waaminifu, ambao kazi yao ni kumwulizia asiyeonekana, na kuuliza mpaka lifike lile neno "lakini." Na atakayeambiwa siri aihifadhi, siri ikitoka mara moja, milango ya mtaa mzima itafungwa.

Pili, anayewasomea watu Qur'ani asiwatoze bei, asimpige mtu, wala asimzuilie mtu dawa.

Tatu, mwenye kwenda hospitali asiende peke yake. Apatikane wa kufuatana naye, na nauli ya matatu itoke katika sanduku la sadaka, kwani hii nayo ni sadaka.

Nne, mwanamke aliyezaa aandaliwe zamu ya kupikiwa na kuchotewa maji, kwa uchache siku arubaini.

Ewe ndugu ambaye unayasoma haya na moyo wako ndio uliodhikika: hukutoka katika dini, wala Mola wako hakukuacha. Ulipokatika ufunuo kwa muda, Mtume wetu alihuzunika, ikateremka Suratu Dhuha kumhakikishia kuwa Mola wake hakumwacha wala hakumchukia. Mtafute mmoja tu leo, mke wako, au mama yako, au ndugu wa darsa, umwambie. Na ewe utakayeambiwa, ufanye kama alivyofanya Bibi Khadija.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na wasiwasi na huzuni, na ajizi na uvivu, na uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.